Hatua ya Saba Si Kweli

Naghenjwa mwanangu,

Naanza barua hii saa tisa mchana, mama yako akiwa bado sokoni na wewe ukiwa umejifungia chumbani ukijidai unapanga nguo. Nguo ulizipanga juzi. Nimesikia zipu ya begi ikifunguliwa na kufungwa mara nne, na mtu anayesafiri kweli hafungi begi mara nne.

Sitakuandikia habari ya kuvaa sweta wala kula kwa wakati. Mama yako amekwisha kukupa hayo, na atakupa tena kesho. Nataka kukueleza jambo moja ambalo nimelificha kwa miaka mingi kuliko umri wako. Ni jambo la hesabu, na ni jambo langu pia, kwa hiyo nivumilie nikizunguka kidogo. Unajua wanafunzi wangu wananiita Mzee Turudi Nyuma.

Juzi jioni mama yako alikuwa anachambua maharage ya makande, akaniambia bila kuinua kichwa, "Mtoto haendi." Nikamuuliza nani kasema. Akasema wewe mwenyewe umemwambia: kwamba profesa wako wa huko chuoni unakokwenda ameona kosa kwenye kazi yako, kwamba huna uso wa kumtazama, na kwamba utaniomba nikuombee nafasi ya kufundisha kwa muda hapa shuleni kwetu. Niliendelea kuosha miguu. Sasa nitakuambia ukweli ambao baba hapaswi kumwambia mtoto: kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Nilifurahi, Naghenjwa. Niliona tukishuka wote wawili asubuhi kwenda shuleni, tukigombania chaki. Halafu nikajiuliza kwa nini nimefurahi namna hiyo, na jibu halikunipendeza. Ndiyo maana naandika.

Miezi mitatu iliyopita ulipokuja likizo ulinieleza kazi yako pale jikoni. Nilijifanya najifunza mambo mapya, ukanionea huruma ukatumia mifano ya watoto. Uliniambia kuna kundi kubwa la mabadilishano, na ndani yake kuna kundi dogo. Ukasema kundi dogo limetulia ndani ya kubwa ikiwa mtu yeyote wa lile kubwa anaweza kulichukua, akaligeuza kwa namna yake, na bado likabaki lilelile. Kisha ukasema kuna makundi ambayo hayakutulia moja kwa moja ndani ya lile kubwa, lakini yana ngazi: hili limetulia ndani ya linalofuata, lile linalofuata limetulia ndani ya jingine, hivyo hivyo mpaka juu kabisa. Ukauita utulivu wa ngazi. Mama yako akasema hiyo ni kama ndoa, mtu anaelewana na mume, mume anaelewana na mama yake, basi. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote kwa sababu nilikuwa naogopa usinitazame usoni.

Nilikuwa nakijua kitu hicho. Nilikijua kabla hujazaliwa.

Umekua ukisikia kwamba baba yako aliacha chuo kikuu mwaka wa mwisho kwa sababu bibi yako aliumwa mguu. Bibi aliumwa mguu kweli, na Mungu amrehemu, lakini baba yako mdogo alikuwepo, shangazi zako walikuwepo, na ule mguu ulipona kabla ya mavuno. Mimi niliacha chuo kwa sababu ya hatua ya saba.

Tasnifu yangu ya mwisho ilikuwa na hatua kumi na moja. Nilikuwa nathibitisha jambo zuri, na bado naamini lilikuwa zuri. Katika hatua ya saba nilikuwa na kundi lililotulia ndani ya jingine, na hilo jingine limetulia ndani ya la tatu. Nikaandika, kwa mwandiko wangu ule uliolala unaokuchekesha, kwamba kwa hiyo la kwanza limetulia ndani ya la tatu. Sikuthibitisha. Niliona ni jambo la wazi. Nani atauliza? Rafiki wa rafiki yangu ni rafiki yangu.

Wewe ungeliona kosa hilo ukiwa umesinzia. Mwalimu wangu wa chuo naye aliliona. Alinirudishia kazi kwa mkono wa karani, na pembeni mwa hatua ya saba alikuwa ameandika kwa wino mwekundu. Nilisoma maneno matatu ya kwanza: si kweli hii. Sikusoma zaidi pale. Nilikwenda bwenini, nikakaa siku tatu nikitafuta namna ya kuifanya iwe kweli, na siku ya nne nikapanda basi la kuja Same. Njiani nikakumbuka mguu wa bibi yako.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwalimu wa sekondari. Kazi hii nimeipenda, usinielewe vibaya. Chuo cha ualimu kilinipokea vizuri, nikampata mama yako, nikakupata wewe. Siyalilii maisha yangu. Lakini nilirudi na kitu kibovu mfukoni, na kwa sababu sikukitoa nikakitazama, kilikuja kumwangukia mtu mwingine.

Sasa nakuja kwa Mama Elifuraha.

Umewahi kuniuliza kwa nini jirani yetu huyu, aliyekubeba mgongoni ukiwa mdogo, hakanyagi tena uani kwetu. Nilikujibu kwamba watu wazima wana shughuli. Ulikuwa darasa la sita, mwaka ule wa ukame, nami nilikuwa katibu wa kamati ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Walinichagua kwa sababu nina mwandiko. Unakumbuka baragumu likilia, watu wote tunapanda na majembe kwenye msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, kuzibua tope ndani ya bwawa lile ili maji ya usiku yapate pa kukaa. Wewe ulikuwa unabeba karai dogo na kuringa nalo.

Kwenye mfereji wetu, kama ujuavyo, tuko nyumba nne. Sisi na Mama Elifuraha tuko chini, zamu zetu zilikuwa Jumapili na Jumatatu. Nyumba mbili za juu walikuwa na Jumanne na Jumatano. Alhamisi na Ijumaa ni za mfereji wa pili, na Jumamosi maji hayafunguliwi maana watu wako kanisani, Wasabato tulivyo. Kulikuwa na desturi kwamba sisi na Mama Elifuraha tunaweza kubadilishana siku zetu bila kumwomba mtu. Nyumba za juu nao walibadilishana zao, na sisi hatukuwaingilia. Mfereji mzima uliheshimu hilo. Na mfereji wetu wenyewe uliheshimiwa na kamati ya ndiva: wangeweza kuugeuza wapendavyo, zile siku nne zilibaki za nyumba zile nne.

Ukame ulipozidi, Mama Elifuraha alinijia. Tangawizi yangu ilikuwa imekomaa, haikuhitaji maji mengi, naye alitaka kupanda maharage kwenye matuta yake yote mawili kama ningempa Jumapili zangu. Nikamwambia nampa. Akaniuliza swali, na swali lake lilikuwa la hesabu kuliko maswali mengi niliyowahi kuulizwa darasani. Alisema, "Mwalimu, kamati ikigeuza mambo huko juu, hii ya kwetu itasimama?"

Nikamjibu kwamba itasimama. Nilimweleza kabisa, kwa fahari, kwamba mapatano yetu wawili yanaheshimiwa na mfereji, na mfereji unaheshimiwa na ndiva, kwa hiyo mapatano yetu hayatikisiki hata ndiva igeuke. Naghenjwa, nilimpa mama wa watu hatua ya saba. Neno kwa neno.

Mwishoni mwa mwezi kamati ikageuza. Walisema nyumba za juu wachukue Jumapili na Jumatatu, sisi wa chini tuchukue Jumanne na Jumatano, ili tupokezane taabu, maana siku za mwanzo bwawa lilikuwa linajaa na siku za baadaye lilikuwa nusu. Uamuzi wa haki. Nilikuwepo, niliuandika mimi mwenyewe kwenye daftari. Angalia kilichotokea: siku nne zilibaki za nyumba zilezile nne, hakuna aliyeuonea mfereji. Lakini lile la kubadilishana Jumapili na Jumatatu lilikuwa limehama, sasa lilikuwa la nyumba za juu. Sikwenda kumwambia Mama Elifuraha kwa sababu, kwa akili yangu ya wakati ule, mapatano yetu yalikuwa bado yamesimama na hapakuwa na cha kumwambia.

Jumapili asubuhi alifungua maji. Wa juu wakamkuta ameinama, miguu ndani ya mfereji.

Unawajua watu wetu. Wanatutania huko nje kwamba Mpare atauza ng'ombe apate kushinda kesi ya mbuzi, na utani huo hatuukatai sana. Kesi ya maji ni kubwa kuliko mbuzi. Aliitwa mbele ya kamati, mwanamke mjane, akaambiwa mbele ya wanaume kumi na wawili kwamba ameiba maji. Alisema, "Mwalimu aliniambia." Mwenyekiti akanigeukia akaniuliza kama ni kweli. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Nikasema kwamba huenda mama hakunielewa vizuri.

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Alinitazama kidogo, kisha akatazama chini, akakubali adhabu ya kukosa maji zamu mbili. Maharage yalikuwa kwenye maua. Yalipukutika yote, tuta la kwanza na la pili. Nilipita pale kila asubuhi nikienda shuleni, na nikaanza kuzunguka kwa njia ya kisimani ili nisipite.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Kusema "nilikosea" ni maneno mepesi, na watu wangecheka siku moja wakasahau. Lakini ningekubali pale, ningekuwa nakubali na kule chuoni. Ningekuwa mtu aliyekosea jambo lilelile mara mbili, na mara ya kwanza nilikuwa nimeshaizika chini ya mguu wa mama yangu. Kwa hiyo nikamwachia mjane abebe. Naona haya kuandika hivi. Mama yako amerudi sokoni, ameuliza ninaandika nini, nimemwambia ni andalio la somo.

Sasa turudi kwako, maana barua ni yako.

Jana uliposhuka dukani niliingia chumbani kwako nikasoma karatasi zako. Nisamehe. Nilizisoma kwa shida, kwa saa mbili, na kuna kurasa ambazo sikuambulia kitu. Lakini ukurasa wa kumi na nne niliuelewa. Ngazi zako wewe hazina mwisho, na umeruhusu kila ngazi iwe na moja kati ya mambo mawili: ama kundi limetulia ndani ya linalofuata, ama halikutulia lakini lina upungufu mdogo, kwamba nakala zake chache, zenye idadi yenye mwisho, zinatosha kulijaza lile kubwa. Nimependa hilo. Ni kuwahurumia wale ambao hawakutulia vizuri lakini hawako mbali. Halafu, ulipofika kuziunganisha ngazi zote, ukaandika kwamba kwa kuwa kila ngazi ina upungufu wenye mwisho, jumla nayo ina mwisho. Na bila shaka profesa wako ameona kwamba ngazi zisizo na mwisho, kila moja ikiwa na upungufu wake mdogo, zinaweza kukusanya upungufu usio na mwisho.

Nilikaa kitandani kwako nikacheka, kisha nikakaribia kulia. Ni mtoto wangu kweli. Tumekosea mahali pamoja: tumeona kila hatua iko sawa tukadhani safari nzima iko sawa.

Sijui kama pana dawa. Wewe utajua, au yeye, au mtajua wote wawili mkikaa. Pengine utasema upungufu usizidi kiasi fulani katika ngazi zote. Pengine utasema mara nyingi ngazi zitulie, zenye upungufu ziwe chache tu. Pengine hoja itabaki ndogo kuliko ulivyotaka. Mimi sikubahatika kuona hoja yangu ikiwa ndogo. Niliiacha ikiwa kubwa na ya uongo.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya njano iliyokunjwa. Ni ukurasa wangu wa hatua ya saba. Ilikuwa chini ya sanduku la vyeti, ndani ya bahasha ya cheti changu cha ubatizo, mahali ambapo nilijua mama yako hatafukua. Nilisoma maneno yote ya mwalimu wangu kwa mara ya kwanza miaka mitatu baada ya kurudi nyumbani, wakati yeye alikuwa ameshahama chuo na sikuwa na njia ya kumpata. Utayasoma mwenyewe, lakini nayaandika hapa pia kwa sababu wino wake umefifia: "Si kweli hii. Lakini kilichobaki kina jina lake na kina kazi nyingi ndani yake. Njoo tuzungumze."

Kilichobaki kilikuwa ule utulivu wa ngazi. Kilikuwa kinaitwa hivyo, kwa lugha yao, wakati mimi nimekaa kwenye basi nikitafuta uongo wa kumwambia mama yangu. Nilikuwa nimeshika mkononi kitu ambacho watu wanakifanyia kazi maisha yao yote, na nikakiita kosa.

Profesa wako amekuandikia nini? Mama yako amenieleza, ulimsomea barua yake kwa sauti. "Kuna tatizo ukurasa wa kumi na nne, tutalizungumza ukifika." Ukifika, Naghenjwa. Hakuandika usije. Wewe umesoma maneno matatu ya kwanza kama mimi.

Leo asubuhi, kabla hujaamka, nimekwenda kwa Mama Elifuraha. Sikupita njia ya kisimani. Nilimkuta anakamua mbuzi, akanikaribisha kwa adabu yake ileile ya miaka yote, Mwalimu habari za asubuhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakanipotea. Nikamwambia kwamba mwaka ule wa maharage alinielewa vizuri kabisa, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia vibaya, kisha nikakana mbele ya watu. Nikamwambia Jumapili hii nitasema hivyo kwenye kikao cha ndiva, wakiwepo wa juu, na nitataka liandikwe.

Alimaliza kukamua. Kisha akasema, "Nilikuwa najua, Mwalimu. Nilikuwa nangoja tu uje." Akanionyesha kigoda, nikakaa, akanipa maziwa. Tulizungumza mpaka jua likapanda. Sikujua kwamba mambo haya yanachukua muda mfupi hivyo. Nilikuwa nimeyapa miaka yote hiyo.

Aliniuliza unaondoka lini. Nikamwambia kesho.

Nyumba yake, unavyojua, iko barabarani, na gari la kushuka Same linapita pale saa kumi na moja alfajiri. Nimemaliza barua hii sasa, na nitakapokuita uje umsaidie mama yako kupika, nitaingia chumbani nichukue begi lako na kuacha bahasha hii mahali pake, begi nilipeleke kwake. Amesema litalala salama, na kwamba atakuwa ameamka, atachemsha chai ya tangawizi.

Kwa hiyo kesho ukitaka begi lako itabidi ushuke mpaka barabarani. Nitakuwa pale nimekaa nalo. Ukifika ukasema unabaki kwa sababu umeamua kubaki, nitalibeba begi hilo begani nilipandishe nyumbani, na sitasema neno; nitakuombea hata nafasi ya shule. Ila ukisema unabaki kwa sababu ya ukurasa wa kumi na nne, nitakuomba ukae kwanza, unywe chai ya yule mama, umtazame usoni, ndipo uniambie tena.

Kuna mtu anakungoja mzungumze. Mimi wa kwangu nilimwacha akangoja mpaka akahama.

Baba yako,
aliyesoma pembeni mwa ukurasa akiwa amechelewa